DAWA INAYOLINDA DAWA
Somo la biolojia na kemia: namna ya kufunga anzimi za mikrobi



Swali hili lilitoka darasa la tano, na sisi viongozi wa wanafunzi wa darasa la mwisho tukapewa kazi ya kulijibu katika gazeti letu: "Kwa nini mgonjwa mmoja anaandikiwa amoksisilini peke yake, na mwingine anaandikiwa amoksisilini pamoja na kitu kinachoitwa asidi ya klavulaniki, na bei inapanda? Hicho kitu cha pili ni dawa kweli, ao ni biashara tu ya wenye farmasi?"

Swali ni zuri, tena si la mchezo. Hapa Bengamisa tuko kilometa hamsini hivi toka Kisangani, kwenye barabara ya kwenda Banalia na Buta. Homa ya mtoto haingoji barabara ikauke. Mzazi akitoa franka zake kwa dawa ambayo mikrobi imekwisha kujifunza kuikata, anapoteza franka, anapoteza siku, na pengine anapoteza mtoto. Kwa hiyo tufuate jambo hili pole pole, hatua kwa hatua. Mwenye daftari na achukue daftari.

1. UKUTA WA MIKROBI

Bakteria ni kiumbe cha seli moja. Ndani yake iko chumvi, sukari na vitu vingine vingi, na kwa sababu hiyo maji ya nje yanasukuma kuingia saa zote. Bila ukuta imara ingevimba na kupasuka. Ukuta huo umefumwa kama kikapu: nyuzi ndefu za sukari, na kati ya uzi na uzi vifungo vifupi vya protini. Iko anzimi maalumu ambayo kazi yake ni kufunga vifungo hivyo.

Penisilini na ndugu zake (ampisilini, amoksisilini, seftriaksoni) zina pete ndogo yenye pembe nne: kaboni tatu na azoti moja. Tunaiita pete ya beta-laktamu. Pete hiyo imekunjwa kwa nguvu, kama fimbo mbichi iliyopindwa, inataka tu kufunguka. Anzimi ya kufuma ukuta inaiona na kudhani ni mwisho wa kifungo chake cha kawaida. Inaishika, pete inafunguka, na anzimi inabaki imekwama nayo. Ukuta haufumwi tena, maji yanaingia, bakteria inapasuka. Seli za mtu hazina ukuta wa namna hiyo, njo maana penisilini inaua mikrobi bila kuua mgonjwa.

Alexander Fleming aliona kazi ya penisilini mwaka 1928 huko London. Lakini hata mbele ya dawa hiyo kuenea kwa watu wengi, mwaka 1940, Abraham na Chain wa Oxford waliandika kwamba wamekuta bakteria yenye anzimi inayoiharibu penisilini. Angalia mwaka huo vizuri. Mikrobi haikungoja sisi tuijaze dunia vidonge ndipo ibuni silaha. Silaha ilikuwako tayari, nasi tumeisaidia kuenea.

2. ANZIMI NI NINI?

Anzimi, ambayo vitabu vya Tanzania vinaiita kimeng'enya, ni protini inayoharakisha kazi ya kemia bila yenyewe kuisha. Hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Tafuna kipande cha kwanga kwa dakika nyingi bila kumeza: kinaanza kuwa kitamu kama sukari. Ni anzimi ya mate inayokata wanga.

Mfano wa pili uko katika kila lupango. Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarini. Ndani ya shina na mizizi, linamarini inakaa mbali na anzimi yake, linamarazi. Mama zetu wanapouloweka muhogo majini siku tatu ao ine, seli zinavunjika, anzimi inakutana na linamarini na kuikata, na mwishowe sumu ya sianidi inatoka na kwenda na maji na hewa. Ukifupisha siku za kuloweka, anzimi haimalizi kazi, na sumu inabaki katika chakula.

Kila anzimi ina shimo dogo ambamo kazi inafanyika. Mwaka 1894 Mjerumani Emil Fischer aliufananisha uhusiano huo na ufunguo na kufuli: molekuli inayofaa inaingia, isiyofaa inabaki nje. Kutoka hapo linazaliwa wazo la somo letu lote: tukijua umbo la kufuli, tunaweza kutengeneza ufunguo wa uongo, unaoingia halafu unakataa kutoka. Molekuli ya namna hiyo tunaiita kizuizi cha anzimi.

3. ANZIMI INAYOKATA DAWA

Anzimi ya mikrobi inayokata pete ya pembe nne inaitwa beta-laktamazi. Wataalamu wanaona kwamba asili yake ni zile zile anzimi za kufuma ukuta, ambazo zamani sana zilibadilika kidogo. Tofauti iko hapa: anzimi ya ukuta ikishika penisilini inakwama, lakini beta-laktamazi inaleta molekuli ya maji, inakata mahali penyewe palipounganika, na kujifungua. Penisilini inatoka imefunguka pete yake, haina nguvu tena, na anzimi iko tayari kwa nyingine.

Iko mbio namna gani? Aina moja inayoitwa TEM-1, iliyogunduliwa Athens, Ugiriki, katika miaka ya 1960 na kupewa herufi tatu za jina la mgonjwa, inaweza kukata zaidi ya molekuli elfu moja za penisilini kwa sekunde moja. Sekunde moja!

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme bakteria moja ina molekuli 1,000 za anzimi hiyo, na kila moja inakata 1,000 kwa sekunde. Ni molekuli 1,000,000 za dawa zinazoharibiwa kwa sekunde. Mara mbili ya kipimo cha dawa haisaidii sana: ni kumimina ndoo mbili katika pipa lililotoboka. Lakini tukifunga anzimi 990 kati ya hizo 1,000, zimebaki 10, nazo zinakata 10,000 tu kwa sekunde. Tumepunguza uharibifu mara mia bila kuongeza hata miligramu moja ya amoksisilini. Njo faida ya kuziba tundu kuliko kuongeza maji.

Tena jambo baya zaidi: maagizo ya kutengeneza anzimi hii mara nyingi hayako katika ADN kubwa ya bakteria. Yako katika kipande kidogo cha mviringo kinachoitwa plasmidi, na bakteria moja inaweza kumpa jirani yake nakala. Ni kama daftari la masomo: mmoja ameandika, usiku huo huo bweni zima limekopi. Na jirani si lazima awe wa ukoo mmoja. Bakteria ya tumbo isiyoleta ugonjwa wowote inaweza kuipa nakala ile inayoua.

4. ULIMBO

Wanaotega ndege wanaijua kazi ya ulimbo. Mtegaji hamfukuzi ndege. Anapaka ulimbo juu ya kitawi, ndege anatua mwenyewe kwa sababu kitawi kinafanana na vitawi vingine, halafu miguu haitoki tena.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya Beecham huko Uingereza walikuwa wanatafuta kati ya vijidudu vya udongo kitu kinachoweza kuizuia beta-laktamazi. Wakakipata katika bakteria ya udongo inayoitwa Streptomyces clavuligerus. Kitu hicho ni asidi ya klavulaniki. Nayo ina pete ya pembe nne, sawa vile penisilini, lakini haina nguvu ya kutosha kuua mikrobi. Ukimpa mgonjwa klavulaniki peke yake, hujamtibu.

Kazi yake ni hii. Beta-laktamazi inaiona pete, inadhani ni penisilini, inaishika na kuifungua. Lakini mbele ya maji kuja kukata, molekuli ya klavulaniki inajigeuza umbo ndani ya shimo la anzimi na kushikamana nalo. Anzimi imejifunga kwa kazi yake yenyewe. Kizuizi kinakufa pamoja na anzimi, na watu wa kemia wanakiita kizuizi cha kujiua. Wakati huo amoksisilini inapita salama mpaka kwenye anzimi za ukuta na kufanya kazi yake ya zamani.

Mwaka 1981 mchanganyiko wa amoksisilini na klavulaniki ulianza kuuzwa Uingereza kwa jina la Augmentin. Leo uko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (OMS). Kwa hiyo jibu la swali la darasa la tano ni hili: kile kitu cha pili si biashara tu. Amoksisilini ni mwindaji, na klavulaniki ni mlinzi wake. Lakini mlinzi analipwa mshahara, njo maana bei inapanda. Na kama mikrobi ya mgonjwa haina anzimi hiyo, mlinzi hana kazi, na munganga mwenye akili hamwandiki.

5. NAMNA YA KUUNDA KIZUIZI

Klavulaniki ilitafutwa katika udongo. Vizuizi vilivyofuata vilitengenezwa zaidi kwa akili ya mtu juu ya karatasi, katika labo, na baadaye kwa mashini ya hesabu. Kwanza wataalamu wanasafisha anzimi na kuigandisha kama fuwele, sawa na chembe za chumvi. Wanapitisha miali ya X na kuona mahali pa kila atomu. Katika beta-laktamazi nyingi wanakuta ndani ya shimo asidi ya amino iitwayo serini: njo kidole kinachoigusa pete. Kisha wanajiuliza: ni molekuli gani itakishika kidole hicho na isikiachilie?

Kizuizi kizuri lazima kitimize masharti mengi pamoja:

(a) Kiingie katika shimo la anzimi na kukaa.

(b) Kiweze kupita ngozi ya nje ya bakteria. Mikrobi kama Salmonella ina ngozi ya nje yenye milango midogo midogo. Molekuli kubwa mno inabaki uani.

(c) Kisiziguse anzimi za mgonjwa mwenyewe.

(d) Kitembee pamoja na mwenzake. Mwindaji akibaki katika damu saa nane na mlinzi ametoka baada ya saa moja, ulinzi umekuwa bure. Amoksisilini na klavulaniki zinafaana kwa sababu zote mbili zinapungua nusu katika damu kwa muda wa karibu saa moja.

(e) Kivumilie safari na ghala. Hapa sisi wa msitu tufungue masikio: klavulaniki inachukia unyevu. Njo maana vidonge vyake vinafungwa katika karatasi ya chuma. Muuzaji anayevitoa na kuviweka katika mkebe wazi sokoni, katika hewa yetu ya mvua, anaweza kumuua mlinzi mbele hata ya mgonjwa kumeza. Rangi inaweza kubaki nzuri, na mnunuzi anadhani amepata dawa mbili, kumbe moja imekwisha.

Baada ya klavulaniki zilikuja sulbaktamu na tazobaktamu, nazo zina pete ya pembe nne. Halafu wataalamu wakauliza: je, pete ni ya lazima? Wakatengeneza avibaktamu, ambayo haina pete ya beta-laktamu hata kidogo. Inakishika kile kidole cha serini, na hata ikiachilia, mara nyingi inatoka ikiwa nzima na inaweza kushika tena. Si ulimbo unaokauka, ni ulimbo unaotumika mara ya pili. Marekani iliikubali mwaka 2015 pamoja na seftazidimu. Mwaka 2017 ikafuata vaborbaktamu, iliyojengwa juu ya atomu ya boroni, na mwaka 2019 relebaktamu. Mwaka 2023 ikakubaliwa durlobaktamu. Hiyo inatolewa pamoja na sulbaktamu kwa kupigana na bakteria iitwayo Acinetobacter, na humo kizuizi cha zamani, sulbaktamu, kimekuwa chenyewe dawa ya kuua, na kizuizi kipya kinakilinda. Mlinzi wa jana leo anahitaji mlinzi.

6. MIKROBI NAYO HAILALI

Msidhani vita imekwisha. Bakteria inajibu kwa njia nyingi. Inaweza kutengeneza anzimi nyingi mno mpaka ulimbo hautoshi. Inaweza kubadilisha kidogo shimo la anzimi yake ili kizuizi kiteleze. Inaweza kufunga milango ya ngozi yake ya nje, ao kutumia pampu ya kutapika dawa.

Njia iliyo mbaya zaidi ni kutumia anzimi ya namna nyingine kabisa. Ziko beta-laktamazi ambazo hazina kile kidole cha serini. Zinatumia atomu za zinki kuyatia maji nguvu ya kukata. Moja inaitwa NDM-1. Ilikutwa katika bakteria ya mgonjwa mwaka 2008 na kuelezwa katika maandishi ya sayansi mwaka 2009. Herufi N na D ni za New Delhi. Inakata hata karbapenemi, dawa ambazo lopitali kubwa zinaziweka kwa saa ya mwisho. Klavulaniki haiishiki, na avibaktamu haiishiki, maana kidole cha kushika hakipo.

Mwanafunzi wa kemia atasema: "Basi tuinyang'anye zinki yake!" Wazo si la kijinga, na labo zinalifanyia kazi. Lakini kumbuka sharti (c). Mwili wetu pia una anzimi za zinki, kwa mfano ile ya chembe nyekundu za damu inayosaidia kubeba gesi ya kaboni mpaka mapafuni. Dawa inayokokota zinki ovyo itaiacha mikrobi na kumkaba mgonjwa. Ugumu wote wa kuunda kizuizi uko hapo: kumgusa mwizi bila kumgusa mwenye nyumba.

7. MAMBO HAYA YAKO KWETU

Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya na India. Hapana. Tuhesabu ya nchi yetu.

Mwisho wa mwaka 2004 na mwanzo wa 2005, homa ya tifoide ilipiga Kinshasa. Wagonjwa zaidi ya 42,000 waliandikwa, zaidi ya 200 walikufa, na mamia walitoboka matumbo. Tangu 2007 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba (INRB) ya Kinshasa, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, inafuatilia mikrobi inayopatikana katika damu ya wagonjwa wa Kongo. Kisangani ni moja ya mahali ambapo damu hiyo imepimwa. Katika kazi hiyo Salmonella imeonekana kuwa adui mkubwa: ile ya tifoide, na zaidi ile isiyo ya tifoide, ambayo inaingia damuni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, hasa wale waliokwisha dhoofishwa na malaria na upungufu wa damu. Nyingi kati ya hizo Salmonella hazisikii tena ampisilini, wala kloramfenikoli, wala kotrimoksazoli. Dawa tatu ambazo wazazi wetu walizitegemea!

Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba katika nchi yetu imepatikana Salmonella ya tifoide yenye beta-laktamazi iitwayo CTX-M-15, ambayo inakata hata seftriaksoni. Mwaka 2019 wakaeleza jamii ndogo ya Salmonella Typhimurium iliyotokea Kongo karibu mwaka 2004, nayo inakataa seftriaksoni na azitromisini pia. Na mwaka 2022 watafiti wakaandika juu ya panya wa mji wa Kisangani: baadhi yao walikuwa na Salmonella ya jamii ile ile inayokutwa katika damu ya wagonjwa.

Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria zisizosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ilibeba mzigo mzito kuliko mabara mengine.

Hapa tuonyane. Mtu asitoke katika somo hili akisema, "Basi, nikiwa na tifoide nitanunua Augmentin." Hapana! Kwamba kizuizi kinaifunga anzimi katika chupa ya labo haina maana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Kwa Salmonella iliyoingia damuni munganga anachagua dawa nyingine kwa sababu zake, na njia nzuri ya kujua ni kuotesha damu katika labo na kuona dawa gani inaua. Kipimo cha Widal, ambacho wengi wetu tunakijua, kinaweza kusema "tifoide" mahali ambapo haiko. Na vile vizuizi vipya vya sehemu ya tano ni vya sindano, ghali sana, na farmasi ya kijijini haina hata kimoja. Tukiharibu dawa za bei ndogo tulizo nazo, hatuna mlango wa nyuma wa kutorokea.

8. TUFANYE NINI SHULENI?

Karibu miaka mia moja iliyopita, kule Yakusu kando ya mto Kongo, munganga Clement Chesterman wa misioni ya Wabatisti alipigana na ugonjwa wa usingizi. Alikuwa na dawa mpya ya sindano, tripasamidi. Lakini dawa peke yake haingetosha. Walifundishwa wauguzi wenyeji, zikafunguliwa zahanati ndogo vijijini, na watu wakapimwa na kufuatiliwa. Dawa ilishinda kwa sababu kulikuwa na utaratibu wa kuitumia.

Sisi hatuna labo ya kuunda kizuizi. Lakini tunaweza kuwa kizuizi cha namna nyingine. Kamati ya wanafunzi inaomba mambo manne:

Kwanza, desturi ya kugawana vidonge vya rangi mbili bwenini iishe. Mwenzako akiwa na homa, upendo ni kumpeleka kwa muuguzi. Ukimpa vidonge viwili vilivyobaki, havimtibu. Vinaua bakteria dhaifu za tumboni mwake na kuziachia zenye anzimi nafasi ya kuzaana na kugawa plasmidi.

Pili, dawa ya antibiotiki inunuliwe kwa karatasi ya munganga, kwa kipimo chake na kwa siku zake zote. Mafua ya kawaida yanatoka kwa virusi. Virusi havina ukuta wa kufumwa, kwa hiyo amoksisilini haina cha kukamata hapo, iwe na mlinzi ao bila mlinzi.

Tatu, kidonge chenye klavulaniki kisitolewe katika karatasi yake mpaka saa ya kukimeza. Ukikikuta kimewekwa wazi, usikinunue.

Ine, maji na choo. Salmonella inaingia kwa mdomo. Maji yaliyochemshwa, mikono iliyooshwa kwa sabuni, choo kilichofunikwa, chakula ambacho panya hawakukigusa: hivi vinazuia ugonjwa mbele hata ya anzimi kupata nafasi. Hakuna plasmidi inayoweza kujifunza kukata moto wa sufuria. Zamu ya kuchemsha maji ya bweni imebandikwa mlangoni, na kila mmoja atafute jina lake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini penisilini inaua bakteria bila kupasua seli za mgonjwa?

2. Bakteria ina molekuli 2,000 za beta-laktamazi, na kila moja inakata molekuli 500 za dawa kwa sekunde. Kizuizi kimefunga asilimia 95 ya anzimi. Ni molekuli ngapi za dawa zinazoharibiwa kwa sekunde, mbele na baada ya kizuizi?

3. Mgonjwa ameandikiwa kidonge kimoja cha amoksisilini 500 mg na klavulaniki 125 mg. Farmasi ina vidonge vya 250 mg na 125 mg tu. Muuzaji anasema, "Meza viwili, ni sawasawa." Je, ni sawasawa?

4. Kwa nini avibaktamu haiwezi kufunga NDM-1?

5. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya linamarazi ya muhogo na beta-laktamazi: kila moja inakata nini, na inamletea mtu faida ao hasara?

Majibu ya hesabu: Swali la 2: mbele, 1,000,000; baada, anzimi 100 zimebaki, yaani 50,000. Swali la 3: si sawasawa. Amoksisilini inafika 500 mg, lakini klavulaniki inakuwa 250 mg, mara mbili ya ile iliyoandikwa, na klavulaniki nyingi inaharisha tumbo. Mgonjwa arudi kwa munganga.

Maswali mengine kila darasa lijibu na kuleta karatasi kwa mwalimu wa biolojia. Mwenye swali jipya aliandike na kulitia katika sanduku la gazeti. Lile la darasa la tano limetufundisha sisi wakubwa mengi kuliko tulivyotazamia.

Viongozi wa wanafunzi, darasa la mwisho
Bengamisa